Mtoto Mtundu Si Mulozi

Kuna neno linalotembea katika maparseli yetu ya Bukavu, na wanaolisema wanalivika nguo ya mila: «Uyu mutoto haiko bure. Iko na kitu.» Linasemwa juu ya nani? Juu ya mtoto wa miaka miwili aliyemwaga unga, akavunja kikombe, akatia simu ya baba ndani ya ndoo ya maji. Mimi nalikataa neno hilo, tena nalikataa humu ndani ya kitabu cha mila kwa makusudi, kwani jina la mila ndilo linalotumiwa kulifunika.

Nianze nyumbani kwangu, nisionekane mwalimu wa kuhubiria wengine. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na mwaka mmoja na nusu alipopanda kiti, akavuta chupa ya mawese, akaimwaga yote juu ya kopi za mtihani za wanafunzi wangu wa ya tatu. Kopi 42. Zilikuwa zimesahihishwa, lakini pointi nilikuwa sijaziandika bado katika daftari. (Mwenye kufundisha anajua uzito wa maneno hayo.) Nilipiga kelele, mkono nikauinua. Shemeji yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, akasema polepole: «Shemeji, kuko chumba ya maombi hapa karibu. Mumupeleke. Anaangaliaka watu vibaya.» Na mimi, mwenye diploma ya ISP, niliyesoma saikolojia ya mtoto na kuifanyia mtihani, nilimtazama yule mtoto machoni kwa muda kabla ya kujibu. Hiyo ndiyo aibu yangu. Karatasi ya diploma haizuii woga kuingia.

Nilijibu hapana. Lakini katika parseli ya jirani walijibu ndiyo. Mtoto wao wa miaka mitatu, aliyefiwa na mama na kuletwa kwa mjomba, alikuwa anachota majivu na kuyatupa ndani ya sufuria. Wakamfunga chakula siku mbili, wakamwombea kwa makelele usiku. Aliporudi hakugusa kitu tena. Alikaa mlangoni, mikono juu ya magoti, na watu wazima walikuja kupongeza: «Amepona!»

Angalieni vizuri, wasomaji wapenzi, nani anayepelekwa kule. Mtoto wa mwenye nyumba akivunja sahani, anaitwa mtundu na watu wanacheka. Yatima anayelelewa na mjomba, au mtoto wa mke wa kwanza, akivunja sahani ileile, anaitwa mulozi. Sahani ni moja, mkono ni wa umri mmoja. Kinachobadilika ni kwamba huyu wa pili hana mtu wa kumtetea, na chakula chake kinahesabiwa. Basi tuseme wazi: mara nyingi ulozi ni jina tunalompa mtoto ambaye tumechoka kumlisha.

Watanijibu: «Ni mambo ya wazee wetu.» Si kweli. Sitaki kudanganya kwamba wazee hawakuamini uchawi, waliamini sana. Lakini walipomtafuta mchawi, walimtafuta kati ya watu wazima. Kushitaki watoto wadogo kwa wingi ni jambo la mijini, lililoonekana hasa Kinshasa katika miaka ya 1990, wakati mishahara ilipokufa, jamaa zikatawanyika, na vyumba vya maombi vikaota kila kona. Kitu cha juzi tu, tunakiita urithi wa mababu?

Mila niliyoiona mimi kijijini kwa nyanya yangu ilikuwa nyingine. Mtoto aliyeachishwa ziwa alikuwa na uwanja mzima wa kuchafua. Udongo hauvunjiki. Vibuyu vilitundikwa juu. Akitoka kwa mama, kulikuwa shangazi, kulikuwa nyanya, kulikuwa watoto wakubwa kumi. Tena alipewa kazi: kubeba kikapu kidogo, kufukuza kuku, kupeleka kijiko kwa jirani na kukirudisha. Leo tunapanga chumba kimoja Kadutu, na ndani yake kuna kitanda, mbabula, bidoni, televizyo na mifuko ya shule. Dunia yetu yote tumeiweka kwenye urefu wa mkono wake, kisha tunashangaa anaigusa. Petroli ya taa tunaitia ndani ya chupa ya sukari. Halafu akiinywa, nani mulozi hapo?

Sisi tuliopita ISP tulifundishwa habari za Piaget, Mswisi yule aliyechungua watoto wake watatu mwenyewe na kutoa kitabu juu ya kuzaliwa kwa akili ya mtoto mwaka 1936. Aliona kwamba mtoto wa karibu mwaka mmoja anaangusha kitu, anakiangusha tena kwa namna nyingine, na kutazama kinaangukia wapi. Anajaribu. Anayemwaga maji mara tano anauliza swali mara tano. Na hapa Kivu hatuhitaji hata Mswisi. Kwashiorkor tunaijua, wauguzi wa Katana na Lwiro wanaijua. Mtoto mwenye ugonjwa ule hachezi, hachokozi, anakaa tu. Siku anapoanza kunyang'anya kijiko cha mwenzake, mama anapumua.

Je, tumwache avunje nyumba? Hapana, mimi si tajiri. Mumushike mkono, mumwambie hapana, mumwondoe pale, mumpe kitu kingine. Mbabula ipande juu ya matofali. Na msimwachie binti wa miaka tisa kazi ya kumchunga kutwa nzima; ninawaona mabinti hao katika orodha ya wasiofika shuleni.

Wale wenye vyumba vya maombi nao wajue kwamba sheria ipo. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inaweka kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na faini ya Faranga 200 000 mpaka 1 000 000.

Kifungu hicho nilikwenda kumsomea yule mjomba, jioni, mlangoni kwake. Alikasirika sana, akaniuliza kama nimekuwa polisi. Tangu siku ile salamu zetu ni za baridi. Lakini mtoto hakurudishwa tena kule, na wiki iliyopita nilimsikia mke wa mjomba akimfokea kwa sababu ya majivu ndani ya sufuria.