Namba 17 Kwenye Saruji: Jubilei ya TASAF

Kwenye njia inayoteremkia kijitoni, hapa Ikinga, kuna kalavati dogo la zege ambalo mgeni hulipita juu bila kujua kwamba amelivuka. Bango lake la bati limeshaliwa na kutu, herufi zimebaki nusu nusu. Lakini ukichuchumaa upande wa chini, pale maji yanapotokea, utaiona namba 17 imechorwa kwa kidole saruji ikiwa bado mbichi. Mama aliyeichora anasema ndiyo namba yake katika daftari la mahudhurio. Fundi alimgombeza siku ile, naye akacheka, na namba ikabaki.

Tumeanza na namba hiyo kwa makusudi, maana jubilei za taasisi zina desturi ya kuanzia meza kuu. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa mwaka 2000 katika utawala wa Rais Benjamin Mkapa, na mwaka 2025 umetimiza miaka 25. Mkoa wetu wa Songwe wenyewe ulizaliwa 2016, kwa hiyo makaratasi ya kazi za mwanzo za huku yana jina la Mbeya. Awamu mbili za kwanza zilijulikana zaidi kwa majengo: madarasa, zahanati, nyumba za walimu, visima. Mfuko ulitoa fedha, wanakijiji wakatoa mawe, mchanga, matofali na mikono yao. Awamu ya tatu ilipozinduliwa mwaka 2012 ukaja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozifikia kaya zaidi ya milioni 1, na tangu hapo watu wengi wakisikia TASAF hufikiria malipo ya kaya tu. Vijiweni jina hilo limekuwa utani: mtu akikosa nauli huulizwa kama TASAF haijafika.

Utani tumeuzoea. Ila katika jubilei hii sisi tunataka kusifu kipande kinachoimbwa kidogo kuliko vyote, nacho ni ajira za muda.

Utaratibu wake ni huu. Kijiji kinakaa mkutano na kuchagua kazi: barabara ya kutoka shambani, kivuko, lambo, kitalu cha miche, uhifadhi wa chanzo cha maji. Kaya iliyomo kwenye mpango, yenye mtu mzima mwenye nguvu, inamtoa mmoja. Anafanya kazi saa chache za asubuhi ili awahi shughuli zake, na kwa mwaka siku za kaya moja hazizidi 60. Ujira ulianza kwa shilingi 2,300 kwa siku, ukaja kupanda hadi 3,000 katika kipindi cha pili cha mpango, kilichozinduliwa Februari 2020. Ni fedha kidogo, na imekusudiwa kuwa kidogo, ili mwenye kipato cha kueleweka asije kumpokonya maskini nafasi yake. Hesabu hiyo tunaielewa. Hata hivyo, aliyeipanga hakushika sururu kwenye miteremko ya Ileje, ambako ukichimba mfereji leo mvua ya usiku mmoja inaweza kukurudishia udongo wote.

Pamoja na udogo wake, ujira huo umebadilisha jambo ambalo wazee wetu wanalijua kuliko sisi. Uchumi wa dunia ulipoanguka mwaka 1929, mtikisiko ulifika mpaka Tanganyika. Bei za kahawa na katani zikashuka, fedha ikaadimika vijijini, lakini kodi ya kichwa haikusamehewa. Vijana wengi wa nyanda hizi walikwenda kuchimba na kuchekecha dhahabu Lupa, upande wa Chunya, ambako wazungu na wenyeji walikuwa wakikimbilia bahati katika miaka hiyo ya 1930. Asiyekuwa na senti za kodi aliweza kutozwa nguvu zake: akapelekwa barabarani na jembe mpaka deni liishe. Barabara zilipatikana, ndiyo. Aliyezilima aliondoka na stakabadhi.

Ukaja Uhuru na Kazi. Baada ya 1961 watu walijenga shule na zahanati kwa kujitolea, kwa ngoma na kwa moyo, na hatutathubutu kulidharau jasho lile. Lakini kujitolea kulimwelemea zaidi asiye na akiba. Mwenye ng'ombe na shamba kubwa alimtuma kibarua, au alilipa faini na kuendelea na mambo yake. Mjane alikwenda mwenyewe, na siku aliyobeba mawe ya shule ni siku ambayo shamba lake halikupaliliwa.

Jembe ni lile lile, basi, na udongo ule ule. Kilichoongezeka ni kwamba kazi ya asubuhi ile ina bei, imeandikwa kwenye daftari, na aliyeifanya anaweza kuidai.

Wamarekani waliwahi kuifanya hesabu hiyo kwa kiwango kikubwa mno, katika miaka ile ile babu zetu walipokuwa wakilipa kodi kwa jembe. Rais Franklin Roosevelt alianzisha mwaka 1933 kikosi cha vijana wa misitu na mbuga. Kila kijana alipata dola 30 kwa mwezi, na kati ya hizo kama 25 zilitumwa moja kwa moja nyumbani kwa wazazi. Walipanda miti kwa mabilioni, na ukumbi wa wazi wa Red Rocks kule Colorado, uliochongwa katikati ya miamba, ni kazi ya mikono yao. Mwaka 1935 ukafuata mpango wa WPA, ulioajiri watu wapatao milioni 8.5 hadi ulipofungwa 1943, wakajenga shule, maktaba, bustani, viwanja vya ndege na njia za miguu. Wasifiwe kwa kiasi, maana kikosi kile kiliwatenga vijana weusi katika kambi zao, na wanawake hakikuwachukua. Kwenye ajira zetu za muda, pita siku yoyote ya kazi uhesabu vitenge.

Kuna jambo lao moja ambalo tunalionea wivu. Katika miji mingi ya Marekani, njia za miguu za zamani bado zina herufi WPA na mwaka, zilizogongwa kwenye saruji ilipokuwa mbichi. Zimekaa pale zaidi ya miaka 80 na watu wanazikanyaga kila siku. Sisi tunaandika kwenye bati, tena tunaanza na jina la mfadhili.

Jubilei isiwe siku ya kufichana, kwa hiyo na doa tulitaje. Mwaka 2016 serikali yenyewe ilitangaza kuziondoa kwenye mpango makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili. Ilikuwa aibu, na mikutano ya vijiji ilikuwa na sehemu yake, kwa kuwa majina yalisomwa hadharani na watu wakanyamaza kwa kumwonea haya jirani. Na kuna hili la matunzo. Barabara ya mkono ikiachwa misimu miwili bila kuzibuliwa mitaro hurudi kuwa korongo. Halmashauri zikipokea kazi hizi ziziingize kwenye bajeti zao za matengenezo kama zinavyofanya kwa barabara ya mkandarasi, na waitwe kwanza wale wale waliozichimba, kwa ujira.

Ombi letu jingine ni dogo na halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Yale madaftari ya mahudhurio, yenye majina na alama za dole gumba za wino wa zambarau, yatolewe kwenye makabati ya ofisi za vijiji kabla mchwa hawajayamaliza, yakae shuleni. Mtoto aone jina la bibi yake na siku alizofanya kazi.

Yule mama wa namba 17 hatukumwuliza alifanyia nini malipo yake. Mwenyewe alisema tu kwamba alinunua mbolea mfuko mmoja na sare ya shule, halafu akatuonyesha ng'ambo ya kijito mahali ambapo zamani, mvua za Machi zikizidi, watoto walikuwa wakirudi nyumbani bila kufika darasani. Tulipokuwa tumesimama pale walipita wawili, viatu mkononi kwa mazoea, wakavuka bila kuangalia chini.