Tufungeni, Lakini Msituchezee

Mimi ndiye yule kipa. Najua wengi wenu mlikuwako uwanjani hapa Manga muhula uliopita, na wasiokuwako waliipata habari kabla ya gwaride la Jumatatu. Tulifungwa mabao tisa bila jibu na shule moja jirani ambayo sitaitaja. Hadi leo nikipita karibu na madarasa ya kidato cha kwanza namsikia mtu akihesabu polepole: moja, mbili, tatu... mpaka tisa. Nimezoea.

Sikuchukua kalamu ili nilie. Nataka kujibu hoja moja. Baada ya mechi ile, mwalimu mmoja tunayemheshimu sana alituambia kwamba timu yenye utu ikishafunga mabao matano huacha kufunga. Darasa zima lilipiga makofi. Kwa heshima zote, mimi niliyekuwa golini siku hiyo nasema la hasha.

Bao la tisa halikuniuma. Lilikuwa bao safi: krosi kutoka kulia, kichwa, wavu. Lililoniuma ni la saba. Mshambulizi wao alinipiga chenga nikaanguka chini kama gunia la majani chai, lango likabaki wazi. Je, alifunga? Hakufunga. Aliusimamisha mpira kwenye mstari, akanigeukia, akanisubiri niinuke. Nilipoinuka nikamkimbilia, akapiga magoti akausukuma ndani kwa kichwa. Uwanja wote ulicheka, na wa upande wetu pia mlicheka, msijifanye. Kufungwa ni sehemu ya mchezo. Kusubiriwa uinuke ili uchekwe vizuri ni jambo jingine kabisa.

Hebu tuwatazame wale ambao mpira ndio kazi yao. Tarehe 8 Julai 2014, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, Ujerumani iliikuta Brazili nyumbani kwao, mjini Belo Horizonte. Kufikia mapumziko ilikuwa 5-0. Kwa kanuni ya mwalimu wetu, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini beki wao Mats Hummels alieleza baadaye kwamba walikubaliana waendelee kucheza kwa makini, na kwamba asitokee mtu wa kuwadhalilisha Wabrazili kwa madoido. Wakarudi uwanjani, Schürrle akafunga mawili, mechi ikaisha 7-1. Na mashabiki wa Brazili, huku wengine wakitokwa na machozi, waliwapigia Wajerumani makofi! Sidhani wangepiga makofi kama Wajerumani wangerudishiana mpira nyuma dakika arobaini na tano kama watu wanaombembeleza mtoto anyamaze.

Isitoshe, katika ligi mabao si ya urembo. Nitatoa mfano ambao niliupigia hesabu mwenyewe nyuma ya daftari la hisabati (mwalimu wa hisabati anisamehe). Msimu wa 2011/12 huko Uingereza, Manchester City na Manchester United walimaliza wakiwa na pointi 89 kila mmoja. City walikuwa wamefunga 93 na kufungwa 29. United walikuwa wamefunga 89 na kufungwa 33. City wakachukua kombe kwa tofauti ya mabao. Sasa kumbukeni kwamba mwezi wa Oktoba 2011 City waliwafunga United 6-1 palepale Old Trafford, na mabao matatu kati ya hayo sita yaliingia dakika za mwisho kabisa, wakati City walikuwa wamekwisha kushinda. Chukueni kalamu. Tuseme siku ile City wangeshinda 1-0 tu kisha wakawahurumia wenzao. City wangekuwa na 88 kwa 28. United wangekuwa na 88 kwa 28. Sawa kabisa, mpaka bao la mwisho! Kumbe mtu akikuambia bao la sita halina maana, muulize anajua ligi gani.

Na sisi mashabiki wa Shabana tuseme ukweli. Timu yetu ilishuka daraja mwaka 2006, tukangoja mpaka 2023 ndipo ikarudi Ligi Kuu. Miaka yote hiyo tuliimba Tore Bobe hata hakukuwa na cha kuimbia. Je, kuna Mgusii anayetaka kusikia kwamba Gor Mahia walituhurumia wakaacha kutufunga? Afadhali watufunge tukarudi nyumbani tukiwa tumenuna.

Majirani zetu Watanzania wanalijua hili zaidi yetu. Yanga waliwafunga Simba 5-0 mwaka 1968. Simba wakajibu 6-0 mwaka 1977, kisha 5-0 mwaka 2012. Mwezi wa Novemba 2023 Yanga wakawafunga Simba 5-1, na siku chache tu baadaye kocha wa Simba akaachishwa kazi. Deni hilo hurithiwa, baba humwachia mwana. Wanataniana, wanaoneshana vidole vitano, lakini hamna shabiki wa Simba anayeomba eti wale wangesimama kwenye bao la tatu.

Nakubali kwamba ziko mechi ambazo hazikustahili kuchezwa. Mwaka 2001 Australia iliifunga Samoa ya Marekani 31-0, na mchezaji mmoja, Archie Thompson, alifunga 13 peke yake. Hapo lawama yangu ni kwa waliopanga ratiba. Kipa wa siku hiyo aliitwa Nicky Salapu. Mimi niliyeokota mpira wavuni mara tisa namfikiria sana huyo wa mara thelathini na moja. Lakini hakuacha mpira. Miaka kumi baadaye, Novemba 2011, alikuwa golini tena Samoa ya Marekani ilipowafunga Tonga 2-1, nao ndio ushindi wao wa kwanza kabisa katika mechi za kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Beki wetu wa kushoto hajarudi mazoezini tangu siku ile ya bao la saba. Anasema ana kazi ya kuchuma chai nyumbani. Sisi sote tuna kazi ya kuchuma chai nyumbani.

Sasa nifike nilipokuwa nikienda. Muhula ujao tutacheza na shule ambayo ndiyo kwanza imeanzisha timu. Wengine wao wanacheza miguu mitupu. Juzi tukitoka mazoezini niliwasikia wenzangu wakisema, "Hawa ndio tutawalipizia yale tisa." Haya, tukiweza kumi tufunge kumi. Lakini nilimwona mmoja wetu, sitamtaja, akijizoeza kupiga magoti kwenye mstari na kuusukuma mpira kwa kichwa, na wengine wanamshangilia.

Nilimwendea nahodha nikamwambia hivi: siku hiyo mtu wetu akipiga magoti, mimi navua glavu, naziweka kwenye mstari wa goli, naenda zangu nyumbani, hata kama tunaongoza kumi bila. Alicheka. Kisha aliponiona sicheki, akasema atazungumza nao.

Ninapoandika haya ni wiki ya pili, na bado hajazungumza nao.