Wimbo mmoja si haba

Jioni moja pale Kigombe, kijiji cha wavuvi kilicho kando ya barabara ya kutoka Tanga kwenda Pangani, baba mmoja alikuwa amekaa barazani anashona wavu. Redio ya simu ikapiga “Mi Mmasai” wa hayati Mr. Ebbo. Baba akaweka sindano chini, akaanza kuimba kwa lafudhi ile ile ya Kimasai. Mkewe, aliyekuwa anaanua dagaa, akaitikia huku anacheka.

Kijana wao wa kidato cha tatu akainua macho kutoka kwenye simu yake.

“Baba, huyu si ndiye aliyeimba wimbo mmoja tu akapotea?”

Baba hakujibu upesi. Alijua kwamba swali halikuwa la Mr. Ebbo peke yake. Wiki mbili kabla, kijana alikuwa amekusanya fedha za vibarua vya pwani, akaenda Tanga mjini akarekodi wimbo wake wa kwanza na kuuweka YouTube. Waliousikiliza hawakufika hata 60. Kwa aibu akaufuta, na tangu siku hiyo anasema muziki si wa watu kama wao.

Maneno kama ya kijana huyo husikika katika nyumba nyingi. Mzazi anapiga wimbo wa ujana wake, mtoto anauliza msanii yuko wapi sasa, na akijibiwa kwamba hakusikika tena, anahitimisha kuwa huyo alishindwa. Katika lugha ya vijana, amechuja. Kwa mtoto anayepima kila kitu kwa idadi ya watazamaji, anayetamba mara moja na anayeshindwa kabisa ni karibu mtu yule yule.

Hapo ndipo mzazi anapopaswa kusimama kidogo, maana hesabu hiyo haiko sawa.

Kwanza, mara nyingi si kweli kwamba mtu aliimba wimbo mmoja. Ukweli ni kwamba wasikilizaji walisikia mmoja. Mr. Ebbo, ambaye jina lake halisi ni Abel Motika, alivuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa wimbo uliowachekesha watu kuhusu Mmasai na maisha ya mjini, naye mwenyewe akiwa Mmasai. Baada ya hapo alitoa nyimbo nyingine, na akawa na studio yake hapo hapo Tanga, Motika Records. Alifariki Desemba 2011. Kwa wengi walio mbali na Tanga, jina lake na “Mi Mmasai” ni kitu kimoja, lakini maisha yake ya kazi hayakuwa ya dakika nne.

Mfano mwingine uko Mombasa. Bendi ya Them Mushrooms ilitoa “Jambo Bwana” mwaka 1982, ikiwa inapiga muziki kwenye hoteli za watalii. Mwaka uliofuata kundi la Boney M likautoa kwa namna yake, ukaenea Ulaya. Mzungu aliyewahi kufika pwani hii anaweza kudhani wanamuziki wale hawana kingine. Wakenya wanajua “Embe Dodo” na nyingine nyingi, na bendi iliendelea kupiga kwa miongo kadhaa.

Hata “Macarena”, uliochezwa kwenye harusi na mahafali kila kona ya nchi hii katika miaka ya 1990, una kisa hicho hicho. Walioimba ni wanaume wawili wa Hispania, Los del Río, waliokuwa wakiimba pamoja tangu miaka ya 1960. Mwaka 1996 wimbo huo ulikaa wiki 14 kileleni katika chati ya Billboard ya Marekani, wakati wao wakikaribia umri wa miaka 50. Dunia iliwaona kama watu waliotokea ghafla, ilhali nyuma yao ilikuwapo kazi ya zaidi ya miaka 30.

Pili, zipo sababu za wimbo mmoja kubaki mmoja, na nyingi hazihusiani na kipaji. Wazee wa Tanga wanazikumbuka enzi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na upande wa taarabu, Black Star na Lucky Star. Wakati huo bendi nyingi zilirekodi katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam. Wimbo ulipigwa redioni, ukapendwa nchi nzima, na mkanda ukabaki kwenye maktaba ya redio. Viwanda vya kutengeneza santuri vilikuwa Nairobi. Vyombo vya muziki mara nyingi vilikuwa mali ya mwenye bendi, si ya wapigaji. Bendi ikivunjika, mpiga gitaa alirudi nyumbani mikono mitupu, hata kama gitaa lake lilikuwa likilia redioni kila Jumapili.

Wapo waliodumu. Bi Shakila, binti wa Pangani, aliimba taarabu kwa miaka mingi na akaheshimiwa mpaka alipofariki mwaka 2016. Lakini kwa kila aliyedumu, wapo wengi waliorudi kwenye uvuvi, mashamba ya mkonge au ualimu, wakiwa wameacha wimbo mmoja tu ambao bado unaimbwa na watu wasiojua jina lao.

Enzi za kaseti za Bongo Fleva nazo zilikuwa na mtego wake. Kijana alikuwa akimkabidhi msambazaji kazi yake kwa malipo ya mara moja. Kaseti zikiuzwa mpaka Bukoba na Mtwara, yeye alikuwa ameshamaliza fungu lake. Hakuwa na mtaji wa kurekodi ya pili. Watu wakasema amechuja, kumbe amekwama.

Tatu, wimbo unaosemwa kuwa umekufa huenda umelala tu. Wavuvi wa Kigombe wanalielewa hili kuliko wengi. Silikanti, samaki aliyedhaniwa na wataalamu kuwa alitoweka mamilioni ya miaka iliyopita, alipatikana akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Katika miaka ya 2000 wavuvi wa mwambao wa Tanga, Kigombe ikiwamo, wakawa wanamkuta kwenye majarife yao, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Samaki huyo hakuwa amerudi kutoka popote, maana siku zote alikuwa huko chini anaishi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa “Maria Salome” wa Saida Karoli. Mwaka 2001 msichana huyo kutoka Kagera aliitikisa nchi kwa wimbo wa Kihaya, ambao wengi waliuimba bila kuelewa maneno yake. Miaka ikapita, sauti yake ikapungua redioni. Mwaka 2016 Diamond Platnumz akishirikiana na Rayvanny akatoa “Salome”, uliojengwa juu ya wimbo ule. Katika nyumba nyingi watoto walikuja mbio kuwaonyesha wazazi wimbo mpya, wakashangaa kuona mama anaujua zaidi yao. Baada ya hapo Saida mwenyewe alirejea studio.

Kisa cha namna hiyo ni zawadi ndani ya familia. Siku hiyo mtoto na mzazi walikuwa na wimbo mmoja, kila mmoja akiwa na mlango wake wa kuingilia.

Wataalamu wa saikolojia wamebaini kuwa kumbukumbu za tangu umri wa miaka 10 hivi mpaka 30 ndizo zinazowajia watu kwa wingi zaidi wanapozeeka, na nyimbo za umri huo hushika kuliko za wakati mwingine wowote. Ndiyo maana baba anayesahau alipoweka miwani anaweza kuimba beti zote za wimbo wa mwaka 2002. Hamkumbuki mwimbaji peke yake. Anakumbuka ngalawa ya kwanza aliyopewa kuiongoza, kanga aliyovaa mchumba wake, na rafiki ambaye bahari ilimchukua. Mtoto anayeucheka wimbo huo hajui kwamba anacheka pia vitu hivyo.

Na kuna jambo zito zaidi. Mtoto anayefundishwa kuwadharau waliofanikiwa mara moja hufundishwa, bila mtu kukusudia, kuwadharau watu wengi wanaomzunguka. Baba aliyejenga nyumba moja tu. Mama aliyefungua duka likadumu miaka mitatu. Mwalimu ambaye darasa lake moja lilifaulu lote, kisha basi. Watu wengi hupewa nafasi moja au mbili za kung’aa, na baada yake hufuata kazi za kila siku. Kijana akiona hiyo ni aibu, ataogopa hata kuanza.

Mzazi hahitaji kuhubiri. Anaweza kumwambia mtoto jina la mwimbaji na mahali alipotoka, kisha akamwomba amtafutie wimbo wa pili wa mtu huyo. Mara nyingi upo. Anaweza pia kumwita bibi au babu aeleze ni nani kijijini aliwahi kupiga ngoma au gitaa. Mara nyingine mtu huyo yuko nyumba ya tatu, anauza mihogo, na hajaulizwa habari za gitaa kwa miaka 30.

Kwa kijana anayetaka kuimba, mzazi amsaidie kujua kwamba wimbo ni mali. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiko kazi husajiliwa. Ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ni kwamba hata wimbo mmoja, ukipendwa, unaweza kuwafaa wajukuu ambao bado hawajazaliwa. Waimbaji wengi wa zamani walikosa ulinzi huo. Kijana wa leo asiuache kwa kutojua.

Na mzazi asimwahidi mtoto umaarufu. Amwahidi masikio ya watu wa nyumbani, kwa sababu hayo anayo mkononi.

Pale barazani Kigombe, “Mi Mmasai” ukaisha. Baba akaokota sindano yake.

“Mwanangu,” akasema, “yule bwana alikuwa na studio hapo mjini, na nyimbo nyingine alizitoa. Wewe umeujua mmoja kwa kuwa ndio uliokufikia. Miaka ishirini na ushei imepita na mama yako bado anauitikia. Sasa huyo amepotea wapi?”

Kijana akanyamaza.

“Na ule wako uko wapi?”

“Nimeufuta, baba.”

“Na kwenye simu?”

“Kwenye simu upo.”

Bibi, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka kama mtu asiyesikia kitu, akainuka. “Niwekee niusikie.”

Kijana akasita, kisha akaubonyeza. Mama akaacha dagaa. Wimbo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Bibi akatikisa kichwa.

“Ngoma imezidi, mjukuu wangu. Maneno siyasikii. Hebu zima hilo dude, uniimbie kwa mdomo.”

Kijana akakohoa kidogo, akaanza upya. Alipofika kiitikio mara ya pili, bibi alikuwa ameshakishika.