Wakazi wa Mwea waipatilize bajeti ya huduma za jamii mapema

KILA mwaka ifikapo Agosti, mashamba ya mpunga ya Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, hujaa watu wanaopandikiza miche. Ni mwezi uo huo ambapo serikali za kaunti kote nchini hukamilisha mpango wa maendeleo wa mwaka wa kifedha unaofuata. Kugongana kwa kalenda hizi mbili si jambo dogo, kwani wengi wanaohitaji huduma za jamii huwa wangali matopeni wakati mgao wao unapoanza kukatwa.

Wananchi wengi hudhani kwamba bajeti hutayarishwa Aprili au Mei, wakati matangazo ya vikao vya umma yanapochapishwa na wawakilishi wa wadi wanapoonekana vijijini. Kwa hakika, kufikia hapo maamuzi makubwa huwa yamekwisha kupitishwa.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka ratiba isiyo na utata. Waraka wa bajeti hutolewa kufikia Agosti 30, na mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mikakati ya fedha, ambayo huamua kila idara itapata kiasi gani, huwasilishwa kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe hufika bungeni kufikia Aprili 30, na sheria ya matumizi hupaswa kuwa tayari kabla ya Juni 30.

Baada ya kiwango cha juu cha kila idara kuidhinishwa, mlango hufungwa. Kanuni za 2015 zinasema kuwa bunge la kaunti likibadilisha makadirio, fungu la idara haliwezi kuongezwa wala kupunguzwa kwa zaidi ya asilimia moja. Maana yake ni kwamba idara ya huduma za jamii iliyotengewa Sh50 milioni haiwezi kuongezewa zaidi ya Sh500,000, hata wakazi wa wadi za Tebere, Thiba na Wamumu wakijaa ukumbini Mei na kutoa hoja nzito namna gani. Aidha, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza fedha za umma kutengewa jambo lisilokuwa katika mipango iliyoidhinishwa.

Kikwazo cha pili ni kutojua nani anawajibikia nini. Ruzuku ya Inua Jamii, ambayo huwapa wazee, mayatima na walemavu wanaostahiki Sh2,000 kwa mwezi, ni ya Serikali ya Kitaifa. Mzee ambaye pesa zake zimechelewa akisimama kulalamika katika kikao cha bajeti ya kaunti, hatapata jibu, kwa kuwa fedha hizo hazimo katika kitabu kinachojadiliwa.

Kwa upande mwingine, Mpangilio wa Nne wa Katiba ya 2010 umeipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani na vituo vya malezi ya watoto. Hilo la mwisho linafaa kupewa uzito Mwea. Mama anayeajiriwa kwa kibarua cha kupandikiza au kupalilia mpunga huwa na mawili ya kuchagua: kumwacha mtoto chini ya uangalizi wa ndugu yake mdogo, au kumpeleka kando ya mifereji katika eneo ambalo kwa miaka mingi limesumbuliwa na kichocho na malaria. Tangu Bwawa la Thiba lilipokamilika mwaka wa 2022, maji ya kukuza mpunga misimu miwili yameongezeka. Mavuno zaidi ni habari njema, lakini pia ni siku nyingi zaidi ambazo wazazi hawako nyumbani.

Hata ombi la kituo cha malezi likikubaliwa, kuna mtego mwingine. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itumiwe katika maendeleo, nayo kanuni inataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Ni masharti ya busara, ila huifanya kazi ya kujenga ukuta iwe rahisi kuliko kumwajiri mlezi. Jengo huhesabiwa kuwa maendeleo; mshahara wa mlezi, uji wa watoto na nauli ya afisa wa jamii huhesabiwa kuwa matumizi ya kawaida. Idara isipotengewa vyote viwili katika mpango mmoja, mwananchi atazinduliwa jengo lenye kufuli.

Kushirikisha umma hakukuanza na ugatuzi. Kuanzia 2001, mabaraza ya wilaya na miji yalitakiwa kuandaa mpango wa huduma pamoja na wakazi ili kupata mgao kamili wa hazina ya LATF, iliyotokana na asilimia tano ya kodi ya mapato. Mabaraza hayo yalivunjwa 2013, na Katiba ikaupa ushiriki wa umma nguvu zaidi. Hata hivyo, haki hiyo haina manufaa ikiwa wenye kuihitaji wanaalikwa kula baada ya vyungu kuoshwa.

Serikali ya kaunti inaweza kurekebisha hali hii bila kubadilisha sheria yoyote. Vikao vya mpango wa mwaka vifanywe Juni, kabla ya kazi kupamba moto mashambani, na vifanyiwe vijijini badala ya Wang'uru pekee. Kiwango kinachopendekezwa kwa kila idara kitangazwe Januari, kwa lugha ambayo mkulima anaielewa.

Wakazi nao wana silaha ambayo haijatumiwa ipasavyo. Sheria imeunda jukwaa la bajeti na uchumi katika kila kaunti, ambamo wanawake, walemavu, wazee na makundi ya kidini wanapaswa kuwakilishwa. Vyama vya akina mama na vya wakulima wa mpunga vifahamu ni nani anayevisemea humo, na vimkabidhi mapendekezo kwa maandishi kabla ya Februari. Baadaye, ripoti ambazo Mdhibiti wa Bajeti hutoa kila baada ya miezi mitatu zitaonyesha iwapo fedha zilizoahidiwa zilitumika.

Udongo upatilize ungali maji. Mkulima wa Mwea anajua kwamba mche unaopandikizwa ukiwa umechelewa hauzai kama mwenzake. Bajeti ya huduma za jamii haina tofauti.