Watani wa Jadi si Maadui

Jumatatu moja nilimwomba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asome kwa sauti aya niliyokuwa nimeiandika ubaoni. Alisimama, akafungua kinywa, lakini kilichotoka kilikuwa mkwaruzo tu. Alikuwa amekaukwa na sauti. Wenzake waliangua kicheko, na mmoja wao akanieleza sababu: jana yake AFC Leopards ilikuwa imemenyana na Gor Mahia, na kijana huyu alikuwa ameimba tangu asubuhi hadi magharibi.

Sikumkemea. Nilimtaka aniandikie insha kuhusu siku hiyo, nami nakiri kwamba insha yake imenifunza mengi kuliko makala kadhaa za wasomi nilizosoma mwaka huo.

Kijana huyu amezaliwa na kulelewa Kawangware, jijini Nairobi. Baba yake ni Mluhya, mama yake ni Mjaluo. Siku ya mechi huvaa jezi ya buluu na nyeupe aliyoirithi kwa baba yake, na jezi hiyo haifuliwi mpaka timu ishinde. Asubuhi yeye na baba yake hunywa chai ya maziwa kimyakimya, kwa kuwa wanaamini kwamba kutaja matokeo kabla ya mechi ni kujitakia nuksi. Kisha wajomba zake hubisha hodi wakiwa wamevalia kijani kibichi cha Gor Mahia. Mama huwaandalia wote staftahi, na tangu aolewe hajawahi kukiri hadharani anaiunga mkono timu gani. Baada ya hapo huondoka pamoja hadi mjini, ndipo hutengana: wajomba huelekea kwenye sanamu ya Tom Mboya kujiunga na wenzao, naye na baba yake hufuata mlio wa isukuti. Jioni hukutana tena mezani. Upande ulioshindwa ndio ununuao samaki.

Ndani ya insha hiyo palikuwa na sentensi niliyoipigia mstari: "Kwetu ni Kakamega, lakini kwa kweli kwetu ni pale jukwaani." Kakamega yenyewe alikuwa ameizuru mara chache tu, hasa wakati wa Krismasi.

Kwa mtu wa taaluma yangu, neno "kwetu" si dogo. Atakaye kujua asili ya mtu humwuliza, "Kwenu ni wapi?" Naye aliyeulizwa hujibu, "Kwetu ni mahali fulani," hata akiwa peke yake ugenini. "Kwangu" ni nyumba anamolala. "Kwetu" ni mahali penye watu wake. Kiswahili hakimruhusu mtu kuwa na asili akiwa peke yake, sharti awe na wenzake. Basi si ajabu kwamba mtoto wa mjini, asiye na shamba wala kisima cha babu, hupata kwao katika umati unaojua wimbo mmoja.

Hivyo ndivyo vilabu hivi vilivyozaliwa. AFC Leopards ilianzishwa mwaka 1964 ikibeba jina la Abaluhya. Gor Mahia ilifuata mwaka 1968, ikapewa jina la mganga mashuhuri katika masimulizi ya Wajaluo. Watu waliotoka magharibi mwa nchi kuja kutafuta riziki Nairobi walipata katika vilabu hivyo kiambo cha kuwapokea. Mwaka 1980, vilabu vilipotakiwa kuacha majina ya kikabila, Abaluhya iligeuka kuwa AFC Leopards. Hata hivyo, mashabiki waliendelea kuiita Ingwe, neno la Kiluhya lenye maana ya chui. Jina la karatasini lilibadilika. La kinywani likabaki.

Wapo watakaosema kwamba hapo ndipo penye hatari, kwamba mapenzi ya namna hii ni ukabila uliovaa jezi. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Neno "kwetu" huzaa neno "kwao", na kutoka "kwao" hadi chuki hakuna safari ndefu. Oktoba 2010, watu saba walipoteza maisha katika msongamano uwanjani Nyayo siku ya mechi ya timu hizi mbili. Katika msongamano kama huo hakuna anayeulizwa rangi ya jezi yake. Machi 2012, katika uwanja huohuo, mechi ya mahasimu hawa ilisimama kwa muda kutokana na ghasia zilizozuka baada ya mchezaji kuonyeshwa kadi nyekundu.

Hata hivyo, sikubali kwamba dawa ya maovu hayo ni kuwataka vijana waache kupenda kwao. Dawa imo ndani ya lugha yetu wenyewe. Mechi hii huitwa mechi ya mashemeji, na timu za aina hii Kiswahili huziita watani wa jadi. Tuyapime maneno hayo. Shemeji ni mtu uliyefungamana naye kwa ndoa. Humchagui wala huwezi kumfukuza. Watoto wa dada yako ni damu yake. Mtani naye ni mtu mwenye idhini ya kukucheka usoni, nawe ukanyamaza au ukamrudishia, bila kinyongo. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtani huyohuyo ndiye afikaye mapema msibani kusaidia kazi. Kwa hiyo mzaha wake una deni ndani yake: anayekucheka leo ndiye atakayekufaa kesho.

Mwaka 1987, nikiwa mtoto, Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa kuizidi Espérance ya Tunisia. Marehemu baba yangu alikuwa shabiki sugu wa Leopards. Kipenga cha mwisho kilipolia redioni, aliinuka kitini akapiga makofi, kisha akatuma nipelekwe kwa jirani yetu Mjaluo nikampe pongezi. Nilimwuliza kwa nini anawafurahia wapinzani. Akanijibu kwamba kesho angewacheka vizuri zaidi, maana sasa walikuwa wakubwa.

Walimu wenzangu, hapa pana kazi yetu. Tunawapeleka wanafunzi katika mashindano ya shule na kuwafundisha nyimbo za kushangilia, lakini ni mara ngapi tunawafundisha mpaka kati ya utani na tusi? Utani humlenga aliye mbele yako, awezaye kujibu, nao huisha kwa kicheko cha wawili. Tusi humlenga mtu kwa asili yake, kwa mamaye au kwa lugha yake, nalo huisha kwa jiwe. Wimbo unaosema kwamba kipa wa wenzetu hudaka upepo ni utani. Wimbo unaotaja kabila lake ni tusi, hata ukiimbwa kwa sauti tamu namna gani. Mwalimu anayeusikia ndani ya basi la shule akanyamaza, ameufundisha.

Nanyi wanafunzi, shangilieni kwenu mpaka sauti ziwakauke. Imbeni, vaeni jezi zisizofuliwa, nyamazeni mezani mkiogopa nuksi. Mambo hayo madogo ndiyo yanayomfanya mtu awe wa mahali fulani. Ila mjue jina la yule aliyekaa jukwaa la pili, na jioni mle naye samaki.

Nilipomrudishia kijana yule insha yake nilimwuliza angefanyaje iwapo Gor Mahia ingevunjwa kesho. Nilidhani angecheka. Alinitazama kwa mshangao, kisha kwa sauti yake iliyoanza kurejea akasema, "Sasa mwalimu, nitamtania nani?"