Hadithi Zetu Ziko Oxford: Nani Atazirudisha?

Mtu akitaja hadithi fupi katika shule hii, kila mmoja wetu anakimbilia diwani za mtihani: Damu Nyeusi, Tumbo Lisiloshiba, Mapambazuko ya Machweo. Si vibaya, mtihani ni mtihani. Wale wenzetu wanaopenda Kiingereza nao watakutajia Dubliners ya James Joyce, iliyotoka mwaka 1914, na kukwambia ati huko ndiko hadithi za karne ya ishirini zilikoanzia. Sasa waulize hivi: miaka hiyo hiyo, hapa kwetu Bonde la Ufa, kuna mkusanyo wowote wa hadithi uliochapishwa? Wengi watacheka. Watasema wazee wetu hawakuwa na kalamu, kwa hivyo hakuna kitu.

Kumbe kipo, tena si kimoja. Maoni yangu ni kwamba vitabu hivyo ni mali yetu, na Chama chetu cha Kiswahili kina wajibu wa kuvirudisha nyumbani. Wacha nieleze.

Mwaka 1905 kilichapishwa huko Oxford, Uingereza, kitabu kiitwacho The Masai. Mwaka 1909 kikafuata kingine, The Nandi. Aliyeviandika ni A. C. Hollis, afisa mkubwa katika serikali ya kikoloni ya Afrika Mashariki, ambaye baadaye alitawala Zanzibar kama mwakilishi wa Mwingereza kuanzia 1924 hadi 1929. Ndani yake mna ngano, methali, vitendawili na nyimbo. La muhimu zaidi ni kwamba hadithi zimechapwa kwa lugha za wenyewe, Kimaasai na Kinandi, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Maneno ya wasimulizi yamo.

Mwaka 1910 mtu mmoja aitwaye Routledge na mkewe wakatoa kitabu chao juu ya Wagikuyu, nacho kina hadithi pia. Lakini tazama jina walilokipa! Kwa Kiswahili ni kama kusema "Pamoja na Watu wa Kabla ya Historia". Mtu anakaribishwa nyumbani, anasimuliwa hadithi, kisha anakwenda zake London kuwaita wenyeji wake watu wasio na historia. Asante ya punda ni mateke.

Tusidhani ni bara peke yake. Pwani walitangulia. Hadithi za Unguja zilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Nyingine zikatolewa na George Bateman huko Chicago mwaka 1901. Na Mjerumani Carl Velten akachapisha masimulizi na mashairi ya Waswahili mjini Berlin mwaka 1907. London, Chicago, Berlin, Oxford: hadithi zetu zilisafiri kabla sisi hatujapata pasipoti.

Ndani ya vitabu vya Hollis mna nini basi? Nitataja mbili tu kwa maneno yangu.

Ya kwanza ni ya Kimaasai. Kiwavi aliingia nyumbani kwa sungura mwenyewe akiwa hayupo. Sungura aliporudi aliona alama ngeni ardhini, akauliza ni nani yumo ndani. Kiwavi akajibu kwa sauti kubwa ya kujigamba kwamba yeye ni shujaa wa vita, huwaponda vifaru na kuwafanya ndovu kuwa kinyesi. Sungura akatoka mbio. Akamwita bweha, bweha akasikia sauti ile akatoroka. Chui akaja, akatoroka. Kifaru vivyo hivyo. Hata ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, akasema hawezi kushindana na mtu anayewafanya ndovu kinyesi. Mwishowe akapita chura. Naye alijibiwa majigambo yale yale, lakini hakurudi nyuma. Alisogea karibu akajitaja yeye ni nani, na yule "shujaa" akaanza kutetemeka. Wanyama walipomkokota nje, walicheka wakachoka.

Ya pili ni ya Wanandi. Zamani mbwa alikuja kwa watu, akawaambia kwamba wote watakufa kama mwezi unavyokufa, ila hawatarudi kama mwezi unavyorudi, wasipompa maziwa kwenye kibuyu chao na pombe kwa mrija wao. Watu walimcheka. Wakammiminia juu ya kigoda alambe kama mbwa mwingine yeyote. Mbwa alikunywa, akakasirika, akaondoka akisema kwamba watu watakufa na mwezi peke yake ndio utakaofufuka. James Frazer, mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, aliichukua hadithi hii katika kitabu chake cha mwaka 1913. Yaani msomi wa Cambridge anaijua, na mwanafunzi wa Nakuru ambaye anatazamana na vilima vya Nandi akienda Eldoret haijui!

Niambie, hizo ni hadithi za kuwalaza watoto tu? Ile ya kiwavi inazungumza juu ya watu wazima wanaotishwa na sauti ya mtu wasiyemwona. Ile ya mbwa inazungumza juu ya dharau na bei yake. Ukiziweka kando ya hadithi yoyote ya kutahiniwa, zitasimama.

Najua hoja itakayoletwa. Kuna mwenzangu aliyeniambia waziwazi: "Hivyo ni vitabu vya mkoloni, viache vioze huko viliko." Hoja hii ina uzito, wala sitaikwepa. Tazameni tarehe. Mnamo Agosti 1904 mkataba ulitiwa sahihi na Wamasai wakahamishwa kutoka malisho ya Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini ya reli, ili masetla wapate nafasi. Mwaka uliofuata ndipo kitabu cha hadithi zao kikatoka. Mwaka 1911 wale wa Laikipia nao wakahamishwa tena. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei aliuawa alipokuja kwenye mazungumzo ya amani. Miaka minne baadaye, hadithi za watu wake zikawa kwenye rafu za Oxford. Serikali iliyokuwa ikichukua ardhi kwa mkono mmoja ilikuwa ikiandika hadithi kwa mkono mwingine. Tena dibaji za vitabu vyote viwili ziliandikwa na Sir Charles Eliot, yule yule aliyekuwa Kamishna wa nchi hii hadi 1904 na aliyefungulia masetla mlango.

Lakini hapo ndipo ninapotofautiana na mwenzangu. Kalamu ilikuwa ya Hollis, mdomo haukuwa wake. Mwizi akiiba ng'ombe wako hukatai kumchukua akipatikana, ati kwa sababu amelala kwa mwizi. Na wasimulizi walikuwa watu wenye majina. Mmoja wa waliomsaidia Hollis ni Justin Lemenye, Mmasai aliyesoma kwa wamisheni huko Taveta. Jalada la 1905 lina jina la Hollis peke yake. Ila mwaka 1953 maisha ya Lemenye mwenyewe yalichapishwa kama kitabu, na lugha aliyoitumia kuyaeleza ni Kiswahili. Enyewe hilo lingetosha kutufundisha njia: msimulizi hakumngoja mtu mwingine amsemee.

Kuna sababu nyingine inayonigusa zaidi, nayo ni hali yetu hapa. Bweni moja la shule hii lina Wakalenjin, Wagikuyu, Wamasai, Wakisii, Waluhya, Wajaluo na Wakamba. Sote tunajua yaliyotokea Molo mwaka 1992, Njoro mwaka 1998, na mjini Nakuru mwanzoni mwa 2008. Kuna walimu wetu walioyaona kwa macho. Watu walioishi ua kwa ua walichomeana nyumba. Sidai kwamba ngano ingezima moto ule. Ninalosema ni hili: mtu usiyejua hata hadithi yake moja ni rahisi kuamini lolote unaloambiwa juu yake. Sauti inatoka ndani ya nyumba, hujui ni ya nani, nawe unatoroka ama unachukua rungu. Chura alisogea karibu.

Muhula uliopita niliisimulia ile ya kiwavi bwenini taa zikiwa zimezimwa. Sikuwa nimeimaliza kabla kijana wa Kitui kudai ni ya kwao, na wa Kisii akaapa nyanyake huisimulia kwa namna nyingine. Walibishana hadi kiranja akaja. Ubishi wa namna hiyo nautaka uongezeke.

Sasa nipendekeze, maana maoni bila kazi ni kelele. Kwanza, vitabu vya Hollis ni vya zamani na vinasomwa bure kwenye intaneti. Chama kichague hadithi tano tuzitafsiri kwa Kiswahili, na wenzetu wanaojua Kimaasai na Kinandi wasome maandishi ya asili, sio Kiingereza tu, watuambie pale mzungu alipopotoka. Pili, likizo ya Agosti kila mwanachama alete hadithi moja kutoka kwao, iwe Narok, Molo, Baringo au Kaptembwa. Juu ya ukurasa aandike jina la msimulizi, kijiji, lugha na tarehe. Jina la msimulizi litangulie, la mwandishi lifuate. Tatu, tunaomba walimu wetu watupe rafu moja maktabani ya kuwekea kazi hii.

Hollis alikuja na kalamu mwaka ule kwa sababu alijua hadithi hizo zina thamani. Sisi kalamu tunazo, Kiswahili cha kuziandikia tunacho, na nyanya zetu bado wako hai. Mwaka ujao jarida hili likitoka bila hadithi hata moja kutoka nyumbani kwako, usimlaumu mkoloni.

Kiswahili kitukuzwe!