Motokaa ya Zamani na Breki Zake

Muhula uliopita palitokea ubishi mkali bwenini kwetu juu ya picha ya motokaa. Ni picha ya Pontiac GTO ya mwaka 1964, ambayo mwenzetu mmoja ameibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake. Yeye asema kwamba motokaa kama hiyo ikitengenezwa upya, yapasa irudishwe vile vile ilivyotoka kiwandani, hata skrubu moja isibadilishwe. Wengine wakamjibu kwamba mali ni ya mwenyewe, na aifanye apendavyo. Mimi naona pande zote mbili zimekosa, nami namwomba Bwana Mhariri nafasi kidogo nieleze sababu.

Yafaa kwanza wasomaji, na hasa wazazi wetu, wajue motokaa hiyo ni ya namna gani. Wamarekani huziita motokaa za misuli: umbo la kadiri, injini kubwa, na bei ambayo kijana mwenye kazi aliweza kuifikia. Siku zile kampuni ya General Motors ilikuwa imekataza motokaa zake za ukubwa wa kati zisitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, akina John DeLorean, wakaikwepa amri hiyo. Walichukua injini ya inchi 389, iliyokuwa ya motokaa zao kubwa, wakaitia katika Tempest LeMans, na kuiuza kama vifaa vya ziada ambavyo mnunuzi huviagiza mwenyewe kwa dola zisizofika 300. Ilikuwa na nguvu za farasi 325. Mwaka ule wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 32,000.

Basi tazameni: motokaa ambayo rafiki yangu hataki iguswe, yenyewe ilizaliwa kwa kubadilishwa.

Tena kuna kitu ambacho hawezi kukipata kwa fedha yoyote, nacho ni petroli ya siku zile. Ilitiwa risasi, na risasi hiyo ilikinga mahali valvu zinapokalia pasilike upesi. Petroli ya namna hiyo ilipigwa marufuku kwa motokaa za barabarani huko Marekani tangu tarehe 1 Januari 1996, kwa kuwa risasi hudhuru watu, na watoto zaidi. Kwa hiyo fundi anayeifungua injini ile siku hizi huchonga silinda hedi na kupachika viti vya valvu vya chuma kigumu. Hayo nayo ni mabadiliko. Watu hawayalalamikii kwa sababu hayaonekani.

Lakini linalonitia hofu hasa ni breki. GTO ile ilitoka kiwandani na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Breki hizo zikitumiwa mara kwa mara katika mwendo wa kasi hushika moto, na zikishika moto hulegea, dereva akakanyaga na motokaa isisimame. Zaidi ya hayo, masta silinda yake ilikuwa na njia moja tu ya mafuta. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki. Pontiac wenyewe walitia masta silinda ya njia mbili mwaka 1967, na mwaka huo huo mnunuzi akaweza kuagiza breki za diski kwa magurudumu ya mbele. Sasa mtu atumie miaka mitatu kung'oa kutu, kunyoosha bodi na kutafuta rangi ile ile ya zamani, halafu aingie barabarani na watoto wake katika kiti cha nyuma, akitegemea masta silinda ambayo kiwanda chenyewe kiliiacha, ati kwa kuiheshimu historia! Historia gani hiyo?

Sisemi mwenye motokaa afanye lolote. Anayekata bodi ili atie magurudumu mapana amefanya jambo ambalo ni shida kulirudisha, na hapo rafiki yangu ana haki kabisa.

Na uko ubaya mkubwa kuliko huo. Miaka ya 1964 na 1965 GTO haikuwa na namba yake ya pekee. Namba yake ilikuwa ya namna moja na ya LeMans ya kawaida. Mjanja aweza kununua LeMans, kuitia injini ya 389 na alama za GTO, kisha kuiuza kwa bei ya GTO. Karatasi za kiwanda ndizo zionyeshazo ilivyoagizwa. Kuigeuza si kosa, hata mimi ningeweza kufanya hivyo kama ningekuwa na fedha. Kumficha mnunuzi ndio wizi.

Shauri langu ni hili. Breki zibadilishwe kabla ya rangi kununuliwa. Dramu za zamani zipakwe grisi, zifungwe kwa karatasi na kuwekwa ghalani, na kila kilichoondolewa kiandikwe katika daftari pamoja na tarehe, ili atakayeinunua baadaye aone na kuchagua mwenyewe. Rafiki yangu hajakubali bado. Nimemwambia aandike jibu lake muhula ujao.